Muulize Nesi: Mtoto kazaliwa bila njia ya choo, je anatibika?

Mwezi uliopita mama mmoja aliuliza kwa mstari mmoja tu, mwanae kazaliwa hana tundu la haja kubwa, je atapona? Nikamjibu kwa kifupi kwamba ndio anatibika, awahi hospitali. Basi tangu hapo meseji hazijakoma. Kumbe wengi mnaishi na jambo hili kimya kimya, wengine mtoto ana miaka kadhaa na hata jirani wa ukuta mmoja hajui. Mimi nimekaa wodi ya upasuaji wa watoto miaka mingi kwa hiyo safari hii ukurasa wote nautoa kwa hili. Na niseme mapema kinachoniuma: watoto hawa tiba wanayo, ila wengi wanapotea katikati ya hatua moja na nyingine, mama karudi nyumbani, mtoto ananenepa, nauli hakuna, tarehe ya kliniki inapita, inapita tena, ndo basi. Kwa hiyo hapa chini nitarudia neno "hatua" mpaka mchoke, mnivumilie.

*Dada nesi habari za kazi. Nimejifungua mtoto wa kike ana wiki 3 sasa. Nilikuwa namuogesha ndo nikagundua choo kinatokea mbele, chini kidogo ya sehemu ya mkojo, huku nyuma pamezibwa tu hamna tundu. Ananyonya vizuri na choo anapata. Mama mkwe anasema niache atajirekebisha akikua. Zahanati wameniambia niende wilayani. Niende au nisubiri kwanza? Mama wa Kwanza, Muheza*

Hongera kwa uzazi mama, na nenda, usisubiri. Hali hiyo haijirekebishi yenyewe hata akikua. Ila usiende kwa kukimbia kama nyumba inaungua maana mtoto wako ana bahati moja kubwa, choo kina pa kutokea. Kwa watoto wa kike waliozaliwa bila tundu la nyuma hii ndo aina tunayoiona zaidi, utumbo unashuka vizuri lakini badala ya kufungukia nyuma unafungukia pale kwenye mlango wa uke kwa kijitundu chembamba.

Sasa sikiliza kwa nini mama mkwe anaona mambo yako sawa. Mtoto ananyonya maziwa yako tu, choo chake ni laini kama haradali, kinapita hata kwenye tundu dogo. Subiri afike miezi 6 aanze uji na ndizi za kuponda, choo kikishikana hakipiti tena, kinarundikana juu, tumbo linajaa na utumbo unatanuka mpaka unalegea, na ukishalegea hivyo hata akija kufanyiwa oparesheni nzuri anabaki na tabu ya kufunga choo miaka mingi. Nimeshaona binti wa miaka 7 aliyeletwa kwa sababu hiyo hiyo ya "atajirekebisha".

Wilayani watakupa rufaa, kwa huko kwenu ni hospitali ya Bombo Tanga kwanza na baadae KCMC Moshi au Muhimbili, kokote penye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Ukifika kwao kuna njia 2. Wengine wanamfanyia oparesheni moja kwa moja, wanalihamisha lile tundu na kulipeleka mahali pake katikati ya misuli ya kubana choo. Wengine wanamtolea kwanza utumbo nje tumboni choo kitokee hapo, ndo inaitwa stoma, alafu wanakuja kutengeneza huku chini kidonda kikiwa mbali na choo. Zote ni njia sahihi, inategemea uzoefu wa daktari, afya ya mtoto na tundu lilivyo, kwa hiyo usishangae mwenzako wa kitanda cha pili akifanyiwa tofauti na wewe. Wakati unasubiri tarehe wanaweza kukufundisha kupanua kile kijitundu ili choo kipite vizuri. Usijipangie mwenyewe nyumbani.

Jambo lingine ambalo lazima uliulize kwa mdomo wako hata wasipolisema: apimwe moyo kwa ultrasaundi, apimwe figo, apigwe picha ya mifupa ya mgongo hasa ile ya mwisho kabisa chini kwenye kiuno. Watoto hawa mara nyingi wana kitu kingine kimejificha, moyo, figo, uti wa mgongo, koo la chakula. Na ultrasaundi ya uti wa mgongo inaonekana vizuri miezi 3 ya mwanzo tu, baada ya hapo mifupa inakomaa na kuziba, kwa hiyo hapo ndo pa kukimbilia.

*Salaam dada. Kijana wangu alizaliwa hana njia kabisa, na kwenye mkojo kukawa kwatoka kitu cha kijani cheusi. Siku ya pili akafanyiwa oparesheni akatolewa matumbo ubavuni. Sasa ana miezi 4 na ana afya tele. Daktari asema arudi apigwe picha kwa tundu la chini, kisha oparesheni kubwa, kisha nyengine ya kufunga. Mbona mara 3? Mjomba wangu asema mtoto yuko sawa, mwacheni. Baba Kijana, Kilifi*

Baba, nimekushukuru kwa kuandika maana wababa huwa hamwandiki. Huyo mjomba ana mapenzi lakini hapo kakosea.

Ile ya kwanza iliokoa maisha tu. Mtoto asiye na tundu hawezi kukaa siku nyingi, tumbo linavimba, anatapika kijani, utumbo unaweza kupasuka. Kwa hiyo wanaufungulia ubavuni, choo kinapata pa kutokea na mtoto ananyonya na kukua. Na hicho cha kijani cheusi ulichokiona kwenye mkojo ni choo chake cha kwanza, maana yake utumbo wake umeungana na njia ya mkojo ndani kwa ndani. Hiyo njia bado ipo baba, haijafungwa, ndo maana wanaita tena.

Ukimwangalia ubavuni utaona matundu 2. La juu linatoa choo, la chini linatoa ute mweupe kidogo tu na watu wengi hawajui ni la nini. La chini ndo njia ya kwenda kwenye kile kipande cha utumbo kilichobaki chini. Siku ya picha wanaingiza mpira laini pale, wanasukuma dawa inayoonekana kwenye eksirei, na dawa inashuka mpaka pale utumbo ulipogandana na njia ya mkojo. Daktari anaona ni mbali au karibu na ngozi, aingilie chini peke yake au afungue na tumbo pia, wengine siku hizi tumboni wanaingia kwa kamera. Daktari anayeingia bila picha hiyo ni kama anachimba shimo gizani na bomba la maji linapita hapo hapo, anaweza kukata njia ya mkojo ya kijana wako. Kwa hiyo hiyo picha usiikose hata iweje.

Oparesheni kubwa yenyewe ilibuniwa na daktari Alberto Peña, aliifanya mara ya kwanza Mexico mwaka 1980, na mwaka 1982 yeye na mwenzake Pieter deVries wakaiandika na dunia nzima ikaifuata. Mtoto analazwa kifudifudi kiuno kimeinuliwa, wanapasua katikati kabisa ya makalio, na wana kifaa kidogo cha umeme ambacho wakigusa misuli inajikunja, kwa hiyo wanaona kwa macho misuli ya kubana iko wapi. Wanatenganisha utumbo na njia ya mkojo, wanaziba, alafu wanaukalisha utumbo katikati ya ile misuli. Zamani walikuwa wanavuta tu utumbo kwa kubahatisha.

Baada ya wiki 2 hivi inakuja kazi ambayo ni yenu nyinyi wazazi, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri sana. Tundu jipya likiachwa linajifunga lenyewe kama kidonda chochote kinavyojikunja. Kwa hiyo kuna vyuma laini vya saizi mbali mbali, wodini tunaviita hega, daktari anaanza na kidogo na kila wiki mnapandisha saizi mpaka ifike ile ya umri wake. Asubuhi na jioni kila siku. Mmoja anamshika miguu magoti yakienda tumboni, mwingine anapaka jeli, anaingiza pole pole, anasubiri nusu dakika, anatoa. Siku za mwanzo mtoto analia na mama analia, mara nyingi nimesimama hapo nikimshika mama bega. Baada ya wiki 2 mtoto huyo huyo analala hapo anachezea vidole vyake vya miguu. Wanaoacha kwa huruma ndo wanaorudi tundu limeziba na oparesheni inarudiwa, na ya kurudia haiwi nzuri kama ya kwanza.

Saizi ikishafika ndo wanafunga lile la ubavuni, na kupanua mnaendelea huku mnapunguza mpaka daktari aseme basi. Hapo pwani anzia hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa, na wakikupeleka mbele ni Kenyatta Nairobi au Kijabe, Kijabe watoto wa namna hii wanawashughulikia kwa miaka mingi. Na tafadhali mwambie mjomba hivi: nilipokea mama mmoja na mtoto wa miaka 4 bado ana utumbo ubavuni, hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba unafungwa. Alidhani ndo ameumbwa upya hivyo. Miaka 4.

*Nesi mambo, mifuko ya stoma imenishinda bei na mtoto ngozi imechubuka kuzunguka utumbo. Kitambaa kinafaa? Mama Pacha, Kigamboni*

Kinafaa kabisa mama wala usijisikie vibaya. Chukua kanga kuukuu iliyolainika au shuka la pamba, kata vipande, fua, anika juani, piga pasi. Kipande kidogo kilichopakwa vazelini kinakaa juu ya utumbo, juu yake kipande kikubwa, unafunga na pampasi iliyopandishwa juu au mkanda wa kitambaa. Siri ni kubadilisha mara kwa mara, choo kisikae kwenye ngozi. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusa-gusa sio kusugua, alafu pakaa kwa wingi ile krimu nyeupe ya zinki. Utumbo wenyewe ukiugusa hauumi, ngozi ndo inauma. Unatakiwa uwe mwekundu na unyevu kama ndani ya mdomo wako, na damu kidogo wakati wa kufuta sio tatizo. Ukigeuka wa bluu au mweusi, ukitoka nje mrefu ukakataa kurudi, au choo kikaacha kutoka na mtoto anatapika, hapo usingoje asubuhi. Na hospitali kabla hujatoka pitia ofisi ya ustawi wa jamii, Tanzania mtoto wa chini ya miaka 5 anastahili msamaha hospitali za serikali, ulizia, usione haya.

*Mwanangu, mjukuu wangu wa kiume ana miezi 8. Tangu azaliwe choo ni tabu, siku 5 mpaka 7, tumbo kubwa linang'aa, mwili mdogo. Choo cha kwanza alipata siku ya tatu. Tumempa dawa za mchango za kila aina na tunamchomeka kipande cha sabuni ndo anapata, kinatoka kwa kishindo. Tundu analo zuri tu. Ni nini hiki? Bibi, Shinyanga*

Shikamoo bibi. Umeandika vizuri kuliko faili nyingi nilizowahi kusoma, hiyo ya siku ya tatu peke yake imenipa picha nzima. Mtoto aliyetimiza miezi yake karibu wote wanapata kile choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24. Akipitisha hapo bila kupata lazima aangaliwe, na mimi ningeomba kila mkunga aiandike saa hiyo kwenye kadi na pia kumgeuza mtoto kuangalia kama tundu lipo, inachukua dakika moja.

Bibi, dalili zote unazosema zinaelekea kwenye ugonjwa unaoitwa Hirschsprung, ingawa kipimo ndo kitasema. Daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, alisimama mbele ya wenzake Berlin mwaka 1886 akaeleza habari za watoto 2 wa kiume waliofariki na matumbo ya namna hiyo. Wakati ule walidhani utumbo ule uliovimba ndo mgonjwa, na kwa miaka mingi wakawa wanahangaika nao. Kumbe ule uliovimba ndo mzima, umetanuka kwa kusukuma bila mafanikio, mgonjwa ni ule mwembamba wa chini unaoonekana wa kawaida. Mtoto akiwa tumboni kuna seli za mishipa ya fahamu zinatembea kutoka juu kwenda chini kwenye utumbo, zikiishia njiani, kipande cha chini kinakuwa hakina. Utumbo usio na seli hizo haujui kulegea, unakaza saa zote. Wanaume ndo wanaopata zaidi, kama 4 kwa msichana 1.

Naomba leo hii sabuni iachwe na dawa za mchango ziachwe, sikulaumu bibi, ulimpa ulichokijua na kwa kweli kile kipande kilikuwa kinafungua njia kidogo. Lakini sabuni inaunguza utumbo na dawa za kienyeji mtoto wa miezi 8 figo zake hazizimudu. Mpelekeni Bugando Mwanza, ndo iliyo karibu nanyi yenye wapasuaji wa watoto. Watampiga picha kwa dawa inayoingizwa kwa chini, alafu watakata kinyama kidogo sana ndani ya njia ya choo wakipime kama seli zipo. Kipimo hicho cha kinyama ndo kinathibitisha, asifanyiwe oparesheni ya kuondoa utumbo bila hicho.

Wakati wa kusubiri watamuosha utumbo, na mama yake afundishwe. Mpira laini unaingizwa, maji ya chumvi ya hospitali yanaingia kidogo kidogo kwa bomba la sindano na yanatoka kwa mpira ule ule, mpaka yanayotoka yawe masafi na tumbo lilale. Sio maji ya bomba bibi, maji matupu yakinywewa na utumbo yanaharibu chumvi ya damu na mtoto anapata degedege. Tiba yenyewe ni kukata kile kipande kisicho na seli na kushusha ule mzima mpaka chini, Orvar Swenson ndo aliyefungua njia hiyo mwaka 1948, na tangu 1998 wengine wanaifanya yote kwa kupitia chini bila hata kovu tumboni. Ila kwa tumbo lililotanuka hivyo wataanza kwa kumtolea utumbo nje kwanza, miezi kadhaa, usivunjike moyo. Ni hatua.

Na hili waambie wote nyumbani: akianza kuharisha maji yenye harufu kali ya kuoza, tumbo likajaa, joto likapanda, hiyo sio kuhara ya meno. Ni utumbo umeshambuliwa na unaua kwa saa chache. Mpelekeni usiku huo huo, anahitaji dripu, dawa za sindano na kuoshwa utumbo. Inaweza kutokea hata baada ya oparesheni, kwa hiyo msiisahau.

*Nilizaa mtoto bila njia ya nyuma. Mume wangu kaondoka, ndugu zake wanasema ni laana ya kwetu au nilitoa mimba zamani. Ni kweli nimesababisha mimi? Sina jina*

Hapana. Sehemu hiyo ya mwili inagawanyika na kutengenezwa wiki ya 4 mpaka ya 8 hivi ya mimba, wakati ambao wengi bado tunahesabu siku tunajiuliza kama tumekosa hedhi au imechelewa. Sio kitu ulichokula wala ulichobeba. Inatokea kwa mtoto 1 kati ya 5,000 hivi, dunia nzima, kwa matajiri na kwa masikini, Ulaya na huku. Mama, katikati ya haya yote umembeba mwanao ukampeleka hospitali peke yako, mimi nimekuheshimu sana. Kwenye wodi yoyote ya upasuaji wa watoto utakuta mama mwingine mwenye mtoto wa stoma, ombeni manesi wawakutanishe mpeane namba. Nimeona hao wakisaidiana kuliko ndugu wa damu.

*Dada, mwanangu alifanyiwa hatua zote 3, sasa ana miaka 6 yuko chekechea lakini chupi inachafuka kila siku, kidogo kidogo. Watoto wanamkimbia, anasema hataki shule. Mwalimu anadhani hatumfundishi usafi. Oparesheni ilishindwa? Mama J, Arusha*

Pole mama, na mwanao mpe pole yangu. Oparesheni haikushindwa lazima. Watoto hawa misuli na mishipa mara nyingi inakuwa pungufu tangu kuzaliwa, hasa kama mfupa ule wa mwisho wa mgongo haukukamilika, na daktari hawezi kuweka kisichokuwepo. Lakini kuchafuka chupi kuna dawa yake, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukaa mkavu kutwa nzima.

Kwanza mpeleke apigwe eksirei ya tumbo ya kawaida tu. Unaweza kukuta tumbo limejaa choo kigumu, na kinachochafua ni kile chepesi kinachopenya pembeni, yaani mtoto kafunga choo na watu wanadhani anaharisha. Kama ni hivyo anasafishwa kwanza mpaka tumbo liwe tupu, alafu daktari anampa dawa ya kusukuma choo, mara nyingi ya sena, kwa kipimo kinachorekebishwa siku hadi siku. Ukimpa dawa ya kufunga kuhara hapo utamharibu. Anakaa chooni kila baada ya kula, dakika 5 mpaka 10, miguu iwe imekanyaga kitu, kigoda au ndoo iliyopinduliwa, isining'inie.

Kama sio choo kigumu na hana hisia kabisa ya choo kuja, basi njia ni kumuosha utumbo kila siku saa ile ile, jioni baada ya chakula ni nzuri, maji ya chumvi kwa kipimo cha daktari, anakaa chooni mpaka maji na choo vitoke vyote. Utumbo ukishakuwa mtupu unachukua karibu siku nzima kujaa tena, ndo anakwenda shule mkavu. Akikua akachoka kuwekwa mpira kwa nyuma na wewe, kuna oparesheni ndogo ya kutumia kidole tumbo kutengeneza kijitundu kitovuni, anajimiminia mwenyewe maji kwa juu, iliandikwa na daktari Malone wa Uingereza mwaka 1990.

Mwalimu mwite pembeni umwambie ukweli wote, omba mtoto akae karibu na mlango na aruhusiwe kutoka bila kunyoosha mkono, na kwenye begi weka chupi 2 na kitambaa chenye maji ndani ya mfuko unaofungwa. Ultrasaundi ya figo na mkojo irudiwe pia kama haijawahi kurudiwa. Eksirei ukishapata niandikie ilichoonyesha, na kama daktari amesema tumbo limejaa niambie pia anakula nini asubuhi kabla ya kwenda shule.